MOTO WA PORINI NA AMANA YA MWISLAMU

Ndugu msomaji, mtu asafiriye usiku katika mwezi wa Septemba au Oktoba kwa njia itokayo Mingoyo kwenda Masasi, akiisha kuingia bonde la mto Lukuledi na kuukaribia mji wa Mtama, aghalabu huona vilima vya mbali vimevikwa shanga za moto. Mistari myekundu hupanda na kushuka miteremkoni, na moshi wake hutanda mpaka asubuhi. Mgeni hustaajabu, akasema kwamba jambo hili ni zuri kulitazama. Mwenyeji hana nafasi ya kutazama uzuri. Yeye hujiuliza maswali mawili tu: upepo wavuma kutoka wapi, na je, chini ya mikorosho yangu pamekwisha palilwa?

Maswali hayo mawili yana ilimu kubwa ndani yake, na yana dini pia. Katika makala haya twakusudia kueleza habari ya moto wa porini katika nchi ya Lindi na Kilwa: hutoka wapi, hudhuru nini, na kwa nini watu wenye maarifa husema kwamba moto mdogo uliowashwa kwa wakati wake waweza kuuzuia moto mkubwa usio na bwana. Kisha tutatazama sheria yetu ya Kiislamu yasemaje juu ya mtu ambaye moto wake umevuka mpaka ukaunguza mali ya jirani.

NEEMA ILIYO ADUI

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia moto katika Kurani kwa namna nyingi. Katika Sura ya Yasin ametukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyetutolea moto katika mti mbichi. Katika Sura ya Waqia atuuliza juu ya moto tuuwashao, kama ni sisi tuliouumba mti wake au ni Yeye, kisha atujulisha kwamba ameufanya uwe mawaidha na uwe manufaa kwa wasafiri. Basi moto ni neema. Kwa moto twapika, kwa moto mhunzi hufua jembe, na kwa moto mrina asali huwatuliza nyuki.

Lakini Bwana Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alituonya pia. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba nyumba moja katika mji wa Madina iliteketea usiku pamoja na watu wake. Mtume alipopata habari aliwaambia Masahaba kwamba moto huu ni adui yenu, na akawaamuru wauzime walalapo. Katika hadithi nyingine alieleza mpaka sababu yake: panya huweza kuuvuta utambi wa taa akawachoma wenye nyumba. Tazama, ndugu msomaji, jinsi Mtume alivyolishughulikia jambo ambalo wengi wetu tungeliona dogo. Hakusema kwamba yaliyoandikwa yameandikwa, basi yaacheni. Alitaja chanzo cha hatari, akafundisha namna ya kujikinga nacho.

Ikiwa utambi mmoja wa taa ulistahili mafunzo ya Mtume, je, kijinga cha moto kitupwacho katika majani makavu ya Oktoba chastahili nini?

MOTO HUU HUWASHWA NA NANI?

Wako watu wasemao kwamba mapori hujichoma yenyewe kwa ukali wa jua. Si kweli. Jua hukausha majani, lakini haliyawashi. Radi yaweza kuwasha moto, lakini katika nchi yetu radi huja pamoja na mvua, na mvua za Lindi huanza mnamo Novemba au Desemba, zikakoma mnamo Aprili au Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hapana radi wala mvua ya kutajika, na ndiyo miezi ambayo mapori huungua. Kwa hiyo hapana budi tukiri kwamba moto wa kiangazi, karibu wote, hutoka katika mkono wa binadamu.

Mkono huo ni wa nani? Ni wa mkulima achomaye matakataka ya shamba la ufuta au la mahindi akilitayarisha kwa mvua. Ni wa mwindaji atakaye kuwafukuza ndezi katika maficho yao. Ni wa mrina asali aachaye kijinga chini ya mzinga, na wa mchoma makaa aondokaye kabla tanuri halijapoa. Ni wa mfugaji atamaniye majani mapya kwa ng'ombe wake. Ni wa mpita njia aogopaye nyoka na simba, akawasha majani ya kando ya njia ili apate kuona mbele. Na wakati mwingine ni wa mtoto achezaye na kiberiti, au wa mtu mzima atupaye kichungi cha sigara.

Tumewataja wote hawa makusudi, kwani ni desturi yetu kila kundi kulitupia lawama kundi jingine. Mkulima humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu mwindaji, na wote humlaumu mchoma makaa. Ukweli ni kwamba kila mmoja ana haja yake ya halali, na haja hiyo hainajisiki kwa kutumia moto. Kosa huingia pale mtu anapouwasha moto kwa haja ya saa moja, kisha akageuka kwenda zake, na moto ukabaki kutembea siku tatu.

HASARA ISIYOHESABIWA

Nyumba ikiungua, watu hukusanyika, hulia, na kuchanga. Pori likiungua hapana matanga. Lakini hebu tuhesabu.

Hasara ya kwanza ni mikorosho. Katika Mtama na wilaya zote za kusini, korosho ndiyo fedha ya mwaka. Mavuno yake huangukia miezi ile ile ambayo moto huwa mkali. Moto ukiingia shambani wakati mti umebeba maua na matunda, mwenye shamba amepoteza mwaka. Na kama magogo yameungua sana, amepoteza miaka.

Ya pili ni nyasi za kuezekea. Nyumba nyingi za vijijini zingali zikiezekwa kwa nyasi, na nyasi hukatwa zikiisha kukomaa baada ya mvua. Moto ukizitangulia, familia hulala chini ya paa bovu mpaka mwaka wa pili.

Ya tatu ni riziki za porini zisizo na bei sokoni, lakini zina thamani jikoni: kuni, dawa za miti, uyoga, asali, na ming'oko. Kila mtu wa Lindi na Mtwara ajua jinsi kina mama na watoto waendavyo porini wakati wa kiangazi kuchimba ming'oko. Mmea wake hutambaa juu ya vichaka, na mchimbaji hufuata kikamba chake mpaka kwenye mzizi. Kichaka kikiisha kuwa jivu, mchimbaji hana dalili ya kumwonyesha njia.

Ya nne ni miti yenyewe. Kusini mwa Tanzania ndiko nyumbani kwa mpingo, mti ambao moyo wake ni mweusi na mgumu kama chuma. Wachongaji wa Kimakonde huufanyia vinyago, na mafundi wa Ulaya hutengeneza zumari zao zitwazo klarineti na obo kwa mti huu. Mpingo hukua polepole sana. Mtu aupandaye leo huwapandia wajukuu zake. Mpingo mkubwa huvumilia moto kuliko miti mingine, lakini haukosi jeraha. Ganda likipasuka kwa joto, uozo huingia moyoni. Kwa nje mti huonekana mzima, na siku ukatwapo huonekana kwamba ndani ni pango. Ama miche yake, hiyo huungua mpaka chini kila mwaka, ikachipua tena kutoka mizizini, ikaungua tena. Miaka ikapita na mti usipande kuupita urefu wa moto.

MOTO WA MAPEMA NA MOTO WA MWISHO WA KIANGAZI

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Je, mioto yote ni sawa? Wataalamu wamelijibu swali hili kwa majaribio marefu. Huko Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambayo misitu yake ya miombo ni ndugu wa misitu yetu, mwaka 1933 viwanja vya msitu vilitengwa kwa majaribio. Baadhi vilichomwa kila mwaka mapema katika kiangazi. Vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Na vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Bwana Trapnell alipoyatangaza matokeo yake mwaka 1959, tofauti ilikuwa dhahiri. Viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake, vikawa vyaelekea kuwa mbuga ya nyasi. Vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa msitu. Na vile vilivyolindwa vilisongamana miti zaidi kuliko vyote.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Moto wahitaji vitu vitatu: kitu cha kuunguza, hewa, na joto. Mwezi wa Juni, mvua zikiisha kukoma, majani huwa yameanza kukauka kwa juu, lakini mashina yake na udongo bado vina unyevu. Usiku umande huanguka. Moto uliowashwa wakati huo huenda kwa kusitasita: huunguza palipokauka, huruka palipo pabichi, huinuka kidogo tu juu ya ardhi, na mara nyingi umande wa usiku huuzima. Huacha nyuma yake mabaka: huku pameungua, kule hapakuungua. Wanyama wadogo hupata pa kukimbilia, na miti mikubwa huunguzwa ganda la nje tu.

Mwezi wa Oktoba mambo ni kinyume. Majani yamekauka mpaka mizizini, majani ya miti yamepukutika yakafanya busati juu ya ardhi, jua ni kali, na hewa ni kavu. Zaidi ya hayo, miombo ina tabia ya ajabu: huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha, mnamo Agosti, Septemba na Oktoba. Basi moto wa wakati huo huikuta miti ikiwa katika kutoa machipukizi yake laini, hupanda mpaka matawini, na huwa kama mtu ampigaye mama aliyetoka kujifungua.

Hapo ndipo ilipozaliwa hekima ya uchomaji wa mapema. Ukichoma kwa mpango vipande vya pori mwanzoni mwa kiangazi, unaondoa kuni za moto mkubwa wa baadaye. Moto kichaa wa Oktoba ukija mbio, hukuta mbele yake ardhi iliyokwisha ungua, hauna cha kula, hufa. Wenyeji wa kaskazini ya Australia, katika nchi iitwayo Arnhem Land, walikuwa na desturi hii tangu zamani za babu zao. Tangu mwaka 2006 desturi hiyo imefufuliwa huko kwa utaratibu mkubwa, wenyeji na wataalamu wakishirikiana, ili kupunguza mioto ya mwisho wa kiangazi na moshi wake uchafuao anga.

Msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa viwanja vilivyolindwa ndivyo vilivyositawi kuliko vyote, kwa nini tusizuie moto wote kabisa? Swali hili ni la haki. Jawabu ni kwamba kiwanja cha majaribio huzungukwa na walinzi, bali pori la kijiji lina njia elfu na wapitaji elfu. Pori lisiloungua miaka mitatu hulimbikiza majani. Na siku kijinga kimoja kitakapoangukia hapo, moto wake utakuwa mkali kuliko wote. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni isemayo kwamba madhara mawili yakikutana na hapana njia ya kuyaepuka yote, hutendwa lililo jepesi ili kuondoa lililo zito. Uchomaji wa mapema ni mfano wa kanuni hiyo. Si jambo la kupendwa kwa nafsi yake, ni kinga.

WALA SI KILA MSITU

Hata hivyo, hapa pana onyo kubwa. Hekima ya uchomaji wa mapema ni ya miombo na mapori ya nyasi. Si ya kila msitu. Katika nchi hii ya Lindi tunayo pia misitu minene ya pwani, ambayo imebaki vipande vipande tu, kama ile ya Litipo karibu na Rutamba, na ile ya nyanda za juu za Rondo, ambazo huinuka mita zipatazo 900 juu ya bahari. Misitu ya namna hii haikuzoea moto hata kidogo. Miti yake ina ganda jembamba, na kivuli chake ndicho kiiwekacho ardhi katika hali ya ubichi. Moto ukiingia ukingoni, kivuli hupungua. Kivuli kikipungua, nyasi huota. Nyasi zikiota, moto wa mwaka wa pili huingia ndani zaidi. Hivyo msitu huliwa kama nguo iliwavyo na nondo, kuanzia pindoni.

Rondo ina viumbe vya Mwenyezi Mungu ambavyo ni adimu duniani. Yuko komba mdogo ambaye wataalamu wamempa jina la Rondo yenyewe, naye huonekana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kumchomea komba huyu nyumba yake ni kuondoa duniani kitu tusichoweza kukirudisha. Kwa misitu kama hii, uchomaji wa mapema hufaa nje yake tu, katika nyasi zinazoizunguka, ili kuufanyia msitu ukuta.

Hata katika miombo kwenyewe haifai kuchoma mahali pale pale kila mwaka, maana miche haitapata nafasi ya kukua. Sharti pawe na zamu: mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, na sehemu nyingine zipumzike.

HABARI ZA KILWA

Haya si maneno ya vitabuni tu. Katika wilaya ya Kilwa kuna shirika liitwalo Mpingo Conservation and Development Initiative, ambalo lilianza kazi ya kuuchunguza mpingo katika miaka ya 1990. Shirika hili limewasaidia wanavijiji kuipima misitu yao na kuimiliki kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo huruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia, na kufaidi mapato yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha Baraza la kimataifa la Usimamizi wa Misitu, ikawa ya kwanza katika Afrika yote miongoni mwa misitu ya asili isimamiwayo na wanavijiji kupata cheti hicho. Vijiji vya Kilwa vilivyofuata njia hii vimetumia fedha za mbao kwa mambo ya umma, kama madarasa na maji.

Lakini msitu uliopimwa na kupewa cheti bado huungua kama msitu mwingine. Kwa hiyo baada ya mwaka 2010, kwa msaada wa Serikali ya Norwe, shirika hilo lilifanya kazi na vijiji kadhaa kuhusu uchomaji wa mapema. Lilishirikiana pia na Chuo Kikuu cha Edinburgh kutafuta namna ya kukadiria hewa ya ukaa inayookolewa pale moto mkali unapozuiwa, na kanuni ya hesabu hiyo ikathibitishwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba siku hizi dunia imekubali kuwa mwanakijiji auzuiaye moto wa Oktoba anaifanyia kazi dunia nzima, siyo kijiji chake peke yake.

La kuzingatia katika habari hii ni kwamba kazi ilikuwa ya watu wengi. Mtu mmoja hawezi kuchoma pori kwa mpango. Sharti kamati ya maliasili ya kijiji ikae, ikubaliane ni wapi na lini, watu wa nyasi za kuezekea wawe wamekwisha kata, wenye mizinga wawe wamepewa habari, na vijiji jirani vijulishwe.

MERI YETU NI MOJA

Jambo hili latukumbusha mfano alioupiga Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, uliopokewa na Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir. Alitaja watu waliopiga kura katika chombo cha bahari, wengine wakapata sitaha ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walipotaka maji walipita kwa wale wa juu, wakaona taabu, wakasema laiti tungetoboa tundu katika fungu letu tusiwaudhi wenzetu. Mtume akafundisha kwamba wenzao wakiwaachilia, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wataokoka wote. Sisi watu wa pwani, wana wa mabaharia, tunaufahamu mfano huu kuliko wengine. Mwenye kusema kwamba shamba ni langu na kiberiti ni changu, ndiye yule wa sitaha ya chini asemaye kwamba tundu ni katika fungu langu.

Tena imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume aliwajulisha Waislamu kuwa wao ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho, na moto. Ikiwa manufaa ya moto ni ya wote, hata mtu asimnyime jirani yake kaa la kuwashia, basi hadhari yake pia ni ya wote.

MOTO UKIVUKA MPAKA

Sasa tupige mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote. Bwana mmoja ana shamba la ufuta. Jirani yake ni mjane mwenye mikorosho arobaini aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mikorosho hiyo ndiyo ada ya shule na nguo za Idi za watoto wake. Mwezi wa Oktoba, adhuhuri, upepo ukivuma, bwana yule awasha matakataka ya shamba lake bila ya kulima ukingo wala kumwita mtu. Moto wavuka. Kabla ya alasiri mikorosho ya mjane imekwisha kuwa mkaa. Bwana yule aja kutoa pole, akasema: “Ni kadari ya Mungu, dada yangu. Tumshukuru kwa kila hali.” Mjane anyamaza, kwani atasema nini mbele ya jina la Mungu?

Je, maneno ya bwana yule yamemtoa katika dhima? La, hayakumtoa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii, wameieleza mas'ala hii waziwazi. Mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha desturi na kwa wakati wa desturi, hali ya hewa ikiwa tulivu, kisha cheche ikaruka ikaharibu mali ya jirani, hana dhamana, maana hakupindukia. Lakini akiwasha moto uliozidi desturi, au akawasha siku ya upepo mkali, basi ni mwenye kupindukia, na yampasa kulipa alichoharibu. Kadari haimfutii mtu deni. Mtume alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwambia amfunge kwanza kisha ategemee kwa Mungu. Kulima ukingo wa shamba ndiko kumfunga ngamia.

Na namna ya kulipa nayo ina mafunzo. Katika Sura ya Anbiya Mwenyezi Mungu ametutajia hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman, amani ziwashukie, juu ya shamba lililoharibiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba moja kwa moja. Nabii Sulaiman akaona kwamba mwenye shamba apewe kondoo afaidi maziwa na sufi zao kwa muda, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Hukumu hii ilitazama mbali: iliurudisha uzima wa shamba, wala haikumfilisi mkosaji. Basi bwana yule wa ufuta, akiwa ni Mwislamu wa kweli, haitoshi kutoa pole. Wazee na mabwana shamba wakadirie hasara. Naye alipe awezacho, apande miche mingine mahali pa ile iliyoungua, na aitunze mpaka izae. Mjane naye, akitaka kusamehe, asamehe kwa hiari yake, si kwa kuonewa haya.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo huo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya kuchoma mimea, na yamtaka mwenye kuwasha moto apate idhini ya wenye mamlaka na achukue hadhari moto usivuke. Mwislamu aitii sheria hii asiogope faini tu, bali aitii kwa kuwa ni katika kulinda mali za watu.

ADABU ZA KUWASHA MOTO

Kwa faida ya wasomaji wetu, na hasa vijana watakaorithi mashamba haya, twataja adabu chache.

Kwanza, ujiulize kama moto wahitajiwa kweli. Matakataka ya shamba yakiachwa yaoze huwa mbolea, na huuhifadhi udongo usichukuliwe na mvua.

Pili, pata idhini, uwaarifu majirani wote siku moja au mbili kabla.

Tatu, lima ukingo mpana kuzunguka mahali pa kuchoma, uondoe kila jani mpaka udongo uonekane. Na kila mwenye mikorosho apalilie na kufagia chini yake kabla ya miezi ya hatari, bila kumngojea jirani.

Nne, chagua wakati. Jioni, jua likipoa na upepo ukitulia, ni bora kuliko adhuhuri. Siku ya upepo mkali, ahirisha.

Tano, anzia upande ule ambao upepo waelekea, ili moto urudi nyuma polepole dhidi ya upepo. Usiuwashe nyuma ya upepo ukaukimbilia.

Sita, wawepo watu wa kutosha, wenye majembe, matawi mabichi na maji. Watoto wasikaribie.

Saba, tazama kama pana viota, mizinga au vichuguu vyenye viumbe. Bukhari amepokea habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji cha chungu kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa ajili ya chungu mmoja ameangamiza umma umsabihio Mola wake.

Nane, usiondoke mpaka kisiki cha mwisho kimepoa. Moto mwingi uliounguza vijiji ulitoka katika kisiki kilichodhaniwa kimekufa.

NENO LA MWISHO

Twawaomba maimamu na walimu wa madrasa waliseme jambo hili katika hutuba na darasa zao mwezi wa Mei na Juni, kabla majani hayajakauka, wala wasingoje Oktoba watu wakiwa katika majivu. Twawaomba kina mama wawafundishe watoto kwamba kiberiti si kitu cha kuchezea. Nanyi vijana, ingieni katika kamati za maliasili za vijiji vyenu, mjifunze kupima upepo, kulima ukingo, na kuchoma kwa zamu. Kazi hiyo ni ibada ikifanywa kwa nia, kwani Mtume ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mti, kila kinacholiwa kwake na binadamu, ndege au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Mwenye kuuokoa msitu mzima usiungue hawezi kukosa fungu lake kwa Mola.

Usiku wa Oktoba utarudi tena, na msafiri atapita tena njia ya Mtama. Twamwomba Mwenyezi Mungu vilima vile avione katika giza lao la asili, na mjane wa mfano wetu awe amelala usingizi, mikorosho yake ikiwa imesimama. Amin.